Kitoke Kuume, Kiingie Kuume

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, ambayo kwa sababu yake hadi leo nikiona nyundo ya plastiki dukani hutazama pembeni kidogo, kama mtu aliyekutana sokoni na shahidi wa aibu yake.

Juzi ulinionyesha seti yako mpya ya zana, uliyoinunua mtaa wa Najma kwa bei iliyokufurahisha, ukaniuliza kama inatosha kubadilishia vilengeo vya bastola hapa karakana ya klabu yetu ya shabaha. Nilikujibu "tutaongea", jibu ambalo najua vijana hamlipendi, kwa kuwa linafanana sana na hapana. Halikuwa hapana. Nilitaka kwanza nikueleze jinsi mimi mwenyewe nilivyonunua seti kama hiyo, pengine katika duka lile lile, na jinsi ilivyonifundisha jambo ambalo maprofesa watatu walikuwa wameshindwa kunifundisha.

Nilikuja Doha kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya vipimo. Mji jirani wa Lusail wakati huo ulikuwa winchi na vumbi, na mimi nilikuwa msichana mwembamba kutoka Nyeri, nikilala chumba kimoja na wauguzi wawili wa Kenya katika ghorofa la Najma. Wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya jopo la chuo kutetea pendekezo langu la utafiti. Profesa mmoja aliniuliza swali lenye neno ambalo sikulielewa. Sikumuuliza maana yake. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye mawazo mazito, kisha nikazungumza dakika kumi na moja juu ya jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Waliniambia nirudi muhula unaofuata.

Sitaki kulikuza jambo hilo, ila ni kweli kwamba lilinitikisa. Nilianza kupima kila kitu mara tatu. Wale wauguzi walinicheka kwa sababu nilikuwa nikipima maji ya kupikia wali kwa bomba la sindano walilonipa kwa mzaha.

Ili nipate nauli na jambo la kushughulisha mikono, nilikuwa nimepata kazi ya nusu siku katika karakana hii, chini ya Mzee Khamis. Hukubahatika kumwona. Alikuwa Mpemba, mwenye leseni ya kutunza silaha za klabu, na alikuwa amefika Ghuba kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa na tabia moja: maagizo yake aliyatoa mara moja, kwa sauti ya chini, huku tayari akielekea mlangoni.

Kulikuwa pia na Mwanaidi. Wewe unamjua kama mkufunzi mkuu ambaye vijana wote hunyooka wakisikia viatu vyake, lakini siku hizo alikuwa binti wa Tanga aliyekaa mapokezi, akiandika majina ya wageni na kuwagawia vizibo vya masikio. Klabu ilikuwa imetangaza nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, na mtihani wa shabaha ulipangwa Jumamosi asubuhi. Mwaka mzima Mwanaidi alikuwa akifanya mazoezi baada ya kazi, kwa ruhusa ya Mzee Khamis, na bastola moja tu, namba saba. Mkono wake ulikuwa mdogo, na namba saba ndiyo pekee iliyomkaa vizuri. Nafasi hiyo isingetangazwa tena upesi. Naye alikuwa amekwisha kumwambia mama yake.

Jumatano, kilengeo cha nyuma cha namba saba kikavunjika sikio, ukingo mmoja wa ule mwanya wa kulengea.

Hapa nikueleze kidogo, maana ndiyo kazi uliyoniuliza. Kilengeo cha nyuma kimekaa katika mfereji uliokatwa kukingama mgongo wa bastola. Mfereji huo ni mpana chini kuliko juu, ili kilengeo kisiweze kung'oka kwenda juu. Njia pekee ya kukitoa ni kukisukuma ubavuni. Ubavu gani, hilo ndilo swali, kwa sababu kitako chake huwa chembamba kidogo upande mmoja, ule uliotangulia kuingia. Ukikisukuma kurudi kilikotoka, kinalegea. Ukikisukuma kuendelea mbele, unakikaza.

Alhamisi mchana Mzee Khamis aliifungua namba saba, tukaikagua sote wawili kuwa ni tupu, akafungia sehemu nyingine kabatini na kuniachia mezani ile sehemu ya juu peke yake pamoja na kilengeo kipya. Kisukumio cha klabu, kile chenye fremu na parafujo, kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa. Hivyo asubuhi hiyo nilikuwa nimepita Najma kununua zana za kugongea: jiriwa ndogo ya kubania, nyundo yenye kichwa cha plastiki na vijiti vitano vya shaba, vyote katika kikoba kimoja cha zipu. "Shaba safi, sadiki," muuza duka aliniapia, na vilikuwa vya manjano kweli. Nilirudi nikijiona hodari.

"Cha zamani kitoke kuume," Mzee Khamis akasema, akichukua kofia yake. "Na kipya kiingie kuume. Gonga kwa adabu. Nitakuona Jumamosi, inshallah."

Nikatikisa kichwa, mwanangu. Kile kile kichwa.

Kwetu tulisema kulia na kushoto, basi. Neno "kuume" lilinigonga sikioni kama jina la mtu ambaye nimewahi kumwona mahali fulani na sikumbuki wapi. Mtu mwenye akili tulivu angekimbia mlangoni na kuita, "Mzee, kuume ni wapi?" Mlango ulikuwa hatua nane kutoka mezani. Badala yake niliketi na kuanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri huwa sisimami mapema.

Niliwaza hivi. Mafundi wa bomba na wa umeme husema kifaa kinachoingia ni dume, na kinachopokea ni jike. Kilengeo huingia mferejini, kwa hiyo kilengeo ni dume. "Kuume", basi, bila shaka ni upande wa kitako ambao udume wake umezidi, yaani ule unaotangulia kuingia. Nilitoa kalipa yangu, kipimo changu cha taya mbili, nikapima kitako pande zote mbili, mara tatu kila upande, nikagundua kwamba upande wa kushoto ulikuwa mwembamba kwa sehemu chache za mia za milimita. Kwa hiyo kuume ni kushoto. Niliandika hitimisho hilo daftarini na kulipigia mstari kwa rula.

Unaona jinsi lilivyopangika. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi kabisa. Na endapo ningevisoma bila lile neno, vingeniambia nisukume upande mwingine.

Nikabana chuma katika jiriwa, nikaweka kijiti cha shaba na kugonga kuelekea kushoto. Hakikusogea. Nikagonga tena. Nilikuwa nikihesabu, kwa sababu mimi huhesabu. Pigo la kumi na mbili, kichwa cha nyundo kilipasuka kama biskuti. Nilichukua nyundo ya chuma ya karakana. Pigo la kumi na tisa, kijiti kiliteleza na kuchora mgongo wa namba saba mstari mweupe wa urefu wa ukucha. Kilengeo kilikuwa kimekazika kana kwamba kimezaliwa pale.

Wakati huo Mwanaidi alichungulia mlangoni, mkoba begani.

"Dada msomi, mtoto wangu hajambo?"

"Kazi inaendelea," nikasema, mkono wangu ukifunika mkwaruzo.

"Usimchoshe tu. Keshokutwa ana shughuli."

"Sawa."

"Mbona umelowa jasho na kipoza hewa kinavuma?"

"Nimekunywa chai."

Alicheka na kwenda zake. Nililosema kuhusu kazi halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinisumbua zaidi kuliko uongo. Nilifunika namba saba kwa kitambaa. Kisha, badala ya kumpigia Mzee Khamis simu, niliandika taarifa ya kurasa tatu yenye kichwa "Maelezo ya Awali kuhusu Ukinzani Usiotarajiwa wa Kilengeo cha Nyuma". Ilikuwa na mchoro.

Ijumaa, kama ujuavyo, ndiyo siku yetu ya kanisa hapa. Nilikwenda na wale wauguzi kwenye ibada ya Kiswahili, usingizi umenipita, nikisimama na kuketi wengine walipofanya hivyo. Tukafika kwenye kanuni ya imani. Naijua tangu nikiwa na miaka sita, midomo yangu huisema yenyewe. Midomo hiyo ikafika pale Bwana anapoketi, ikataja ule mkono anaoketi, na hapo ikasimama. Kanisa zima liliendelea mbele bila mimi.

Mkono wa kuume. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilitamka neno kama jina la kiti cha heshima mbinguni, wala halikunijia hata siku moja kwamba ni mkono huu huu ninaoshikia kijiko.

Nilicheka, mwanangu. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, lakini muuguzi aliyekuwa kando yangu alinifinya, naye kwa kunifinya akaanza kucheka bila kujua sababu. Nikatoka nje, kwenye jua, nikapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna heri?"

"Mzee, kuume ni kulia?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani.

"Kwani wewe ulidhani ni wapi?"

"Naomba nisiseme."

"Umegonga?"

"Nimegonga."

"Kwa wapi?"

"Kushoto."

"Mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ee, hesabu hujambo," akasema. "Baada ya sala ya Ijumaa nikukute karakana. Na Mwanaidi umwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla sijafika."

Nilimpigia Mwanaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Jana nilipokuuliza, ulikuwa umekwisha kuharibu?" Nikasema ndiyo. Akasema anakuja, na simu ikakatika. Katika yote ya siku zile mbili, hilo ndilo lililoniuma zaidi, na sidhani nilistahili kuumwa chini ya hapo.

Mzee Khamis alifika na kanzu yake ya Ijumaa, akakunja mikono na kuitazama meza yangu kwa muda mrefu. Nilimpa ile taarifa. Alisoma kichwa chake cha habari, akaigeuza, akaiweka chini ya chupa ya mafuta ili meza isilowe.

"Nieleze huko kwenye kushoto ulikwendaje."

Nilimweleza habari ya dume na jike. Nilipofika kwenye vipimo vya kitako alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti, akijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Yakhe, hii nchi nimeishi na kila kabila," akasema, "hapana aliyewahi kulipeleka neno la watu mbali hivi. Mwanaidi, unasikia? Kuume ni dume."

Mwanaidi alikuwa amekunja mikono ukutani. Alijitahidi kununa, lakini bega lilimsaliti.

"Sasa na kushoto itakuwa jike?" akauliza.

"Muulize mwenyewe, ana mchoro."

Nikamuuliza Mzee Khamis, kwa unyenyekevu, kwa nini hakusema kulia kama watu wengine.

"Kwa sababu kulia kuna mambo mengi," akajibu. "Mtu hulia chakula sahanini, mtu hulia machozi. Karakana ina kelele, miye nataka neno lisilokosewa. Basi nikachagua kuume." Akatikisa kichwa. "Na miye nina sehemu yangu. Nilisema nikaondoka. Ningekuonyesha kwa kidole, tungekuwa nyumbani saa hizi tunakula biriani."

Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo, ya mlango wa kabati, na kuisogeza kwenye vijiti vyangu vya shaba safi. Vyote vitano vikairukia. Vilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Shaba yenyewe haishikwi na sumaku, na kwa kuwa ni laini kuliko chuma cha bastola, ikiteleza inaumia yenyewe. Chuma kikiteleza kinaumiza.

Usidhani alizitupa zana zangu. Jiriwa aliisifu. Alisema ni ya bei rahisi lakini meno yake yamenyooka, akaivisha vipande vya ngozi ya makubadhi makuukuu ili isiume. Nyundo aliiacha ipumzike. Mahali pa vile vijiti alileta kipande cha shaba alichokata kwenye komeo la mlango uliobomolewa. Akatia tone la mafuta mferejini, akasubiri mpaka amemaliza hadithi ndefu ya mbuzi wa shemeji yake, kisha akanipa nyundo mimi.

"Kuume ni wapi?"

Nikanyoosha mkono.

"Gonga."

Pigo la nne kilisogea. La sita kilitoka, kikaanguka kiganjani mwa Mwanaidi, aliyekuwa amesogea bila kuitwa.

Kipya hakikuingia mara moja. Aliniwekea tupa mkononi na kunionya kwamba kinachosuguliwa ni kitako cha kilengeo, kamwe si mfereji, kwa kuwa kilengeo kikiharibika kinanunuliwa kingine, na bastola haikatwi upya. Nilisugua mara tatu, nikajaribu. Mara mbili, nikajaribu. Kilipoingia kwa kidole hadi theluthi moja, nilikimalizia kwa nyundo, kutoka kuume, kwa adabu. Halafu nikatoa kalipa na kupima nafasi iliyobaki pande zote mbili hadi zilipolingana. Hapo Mzee Khamis alinitazama kwa namna ambayo jopo halikunitazama. "Hilo miye siwezi," akasema. "Miye hukadiria kwa jicho, na jicho limezeeka."

Jumamosi Mwanaidi alipewa dakika kumi za kujaribu kabla ya mtihani. Alipiga tano. Zote zilikaa pamoja, karibu kama punje za hindi, ila zilikuwa vidole viwili kushoto kwa kitovu. Alinitazama. Namba saba ilikaguliwa tupu, ikafunguliwa, sehemu yake ya juu ikawekwa mezani mbele yangu. Kilengeo cha nyuma hupelekwa kule unakotaka risasi iende. Kwa hiyo kilipaswa kwenda kuume, chini kidogo ya nusu milimita. Nilishika shaba, nikainua nyundo, nikasita. Mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea kwangu.

"Mzee," nikasema, mbele ya wasimamizi na watahiniwa wote, "kuume kwa nani? Kwangu mimi au kwa mlengaji?"

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kiasi kile kwa kuulizwa swali. "Kwa mlengaji," akasema. "Sikuzote kwa mlengaji. Hapo ulipokaa, ni kushoto kwako."

Ningegonga bila kuuliza ningezidisha kosa mara mbili, na dakika zilikuwa zimebaki mbili. Niligonga pigo moja jepesi. Nikapima. Nikamrudishia Mwanaidi mtoto wake.

Matokeo unayajua, kwa sababu jana alikufokea kwa kusimama vibaya.

Ule mkwaruzo bado upo kwenye mgongo wa namba saba. Nilitaka kuupaka dawa ya kuficha, Mwanaidi akakataa. Anasema kidole gumba chake kimekwisha kuuzoea. Ilimchukua mwezi mzima kabla ya kuniita tena dada msomi, na siku aliponiita nilijua kwamba yamekwisha. Muhula uliofuata nilirudi mbele ya jopo. Yule profesa aliuliza swali lake, lenye neno lile lile. Nikamwambia, "Samahani, profesa, neno hilo unalitumia kwa maana gani?" Alieleza kwa sentensi mbili. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo.

Basi, mwanangu, kuhusu seti yako. Inatosha, ukijua inatosha kwa lipi. Jiriwa ya bei ndogo yenye meno yaliyonyooka ni jiriwa, ivalishe ngozi. Kinachogusa bastola usikiamini rangi yake, kipitishie sumaku. Tupa ipeleke kwenye kilengeo na iache bastola. Pigo la tatu likigoma, weka nyundo chini, kwa kuwa chuma kinajaribu kukuambia kitu. Ukiharibu, mwambie mwenye mali siku hiyo hiyo, kwa sentensi fupi zisizo na mchoro. Na neno usilolijua, muulize aliyelisema akiwa bado hatua nane tu kutoka kwako. Akili yako ni kali, nimeiona. Akili kali ikianzia kwenye neno lisiloeleweka hufika mbali sana, mahali pasipo na watu. Mimi nami nakuahidi kwamba nikikuagiza kitu nitanyoosha kidole.

Mungu akutilie wepesi mikononi na ujasiri ulimini. Akupe rafiki wa kumwambia kosa lako, na mzee wa kulicheka pamoja nawe. Na siku ya mwisho akuketishe mkono wake wa kuume, mwanangu. Ukifika hapo ukawa huna hakika ni upande gani, uliza.